Avahi, dnsmasq au Consul: usakinishe ipi kwenye Linux au BSD yako?

Chukua maabara ya kompyuta ya sekondari moja huko Mufindi. Seva ya maktaba ilikuwa kwenye 192.168.10.20. Usiku umeme umekatika, alfajiri umerudi, ruta imegawa anwani upya, na sasa maktaba iko 192.168.10.37. Kompyuta 30 za wanafunzi bado zinabisha hodi kwenye anwani ya zamani, ambayo sasa ni ya printa. Vifaa vyote ni vizima, lakini kipindi cha kwanza kimeshapotea.

Zana ya ugunduzi wa huduma inamwondolea mtu ulazima wa kukariri anwani. Kompyuta inauliza "maktaba iko wapi?" na inajibiwa anwani, na mara nyingine hata poti (namba ya mlango wa programu), kama zilivyo wakati huo. Kwenye Linux na BSD, wengi hukwama kati ya zana tatu: Avahi, dnsmasq na Consul. Zote tatu ni nzuri, na zote tatu huleta usumbufu zikiwekwa mahali pasipo pake.

## Vigezo vya kupimia

Eneo. Kabla ya kuandika amri yoyote, chora mtandao wako kwenye karatasi. Vifaa vyote viko kwenye swichi moja? Kuna VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) mbili tatu? Kuna tawi Makambako linalofika makao makuu Mbeya kwa VPN? Mchoro huo utakujibu zaidi ya nusu ya swali.

Umeme ukirudi. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na msimu huo radi na kukatika kwa umeme ni mambo ya kawaida. Umeme ukirudi kila kifaa huwaka kwa wakati wake: seva inaweza kuitangulia swichi, na ruta ikawa ya mwisho. Zana inayosubiri mtu aje kuandika amri haifai mahali ambapo fundi yuko Iringa mjini na seva iko Kilolo. Sisi kigezo hiki tunakipa uzito kuliko vyote.

Huduma ikifa. Je, zana inajua kwamba programu imekufa ingawa kompyuta bado inawaka, au itaendelea kuwaelekeza watu kwenye mlango uliofungwa?

Mashine na bando. Inakula kumbukumbu kiasi gani, na unaweza kuisakinisha bila intaneti ya uhakika?

Usalama. Nani anaweza kujitangaza kwa jina lisilo lake, na nani anaweza kuliona daftari lako la huduma?

Mtunzaji. Wewe ukihamishwa kwenda Songwe, anayebaki ataielewa?

## Avahi: kila kompyuta inajitangaza yenyewe

Avahi haina kituo. Kila kompyuta hupaza jina lake kwenye mtandao kwa multikasti (ujumbe mmoja unaowafikia wote wanaousikiliza), kupitia anwani 224.0.0.251 na poti 5353 ya UDP, na nyingine husikiliza. Kanuni zake ni mDNS na DNS-SD, zilizochapishwa kama RFC 6762 na RFC 6763 Februari 2013. Majina yote huishia na `.local`.

Kusakinisha. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install avahi-daemon avahi-utils libnss-mdns
```

Kwenye jamii ya Red Hat ni `dnf install avahi avahi-tools nss-mdns`, kisha fayawoli ifunguliwe:

```
sudo firewall-cmd --permanent --add-service=mdns
sudo firewall-cmd --reload
```

Kwenye FreeBSD ni `pkg install avahi-app nss_mdns`, halafu `sysrc dbus_enable=YES avahi_daemon_enable=YES`. Usiisahau dbus, kwa sababu Avahi huitegemea. Baada ya hapo ongeza neno `mdns` kabla ya `dns` kwenye mstari wa `hosts` ndani ya `/etc/nsswitch.conf`, faili linaloamua majina yatafutwe wapi. Debian hujiandikia mstari huo yenyewe:

```
hosts: files mdns4_minimal [NOTFOUND=return] dns
```

Wenye Alpine na OpenBSD wajue jambo moja mapema. Alpine hutumia musl (maktaba ya msingi ya mfumo), isiyo na mfumo wa NSS unaosoma faili hilo, na OpenBSD haina nsswitch.conf. Hapo Avahi itatangaza huduma vizuri, lakini programu za kawaida kwenye kompyuta hiyo hiyo hazitaweza kutafsiri majina ya `.local` kwa njia hii. Watu hupoteza siku nzima wakitafuta kosa kwenye faili la usanidi wakati kosa halipo.

Kutangaza huduma, weka faili fupi kwenye `/etc/avahi/services/`, mathalani `maktaba.service`:

```
<?xml version="1.0" standalone='no'?>
<!DOCTYPE service-group SYSTEM "avahi-service.dtd">
<service-group>
  <name replace-wildcards="yes">Maktaba kwenye %h</name>
  <service>
    <type>_http._tcp</type>
    <port>8080</port>
  </service>
</service-group>
```

Kisha pima kwa `avahi-browse -art` na `getent hosts maktaba.local`. Usipime kwa `nslookup` au kwa `dig` ya kawaida. Hizo hazipiti nsswitch, kwa hiyo zitakwambia jina halipo hata kama kila kitu kiko sawa.

Eneo inalofika. Mtandao mmoja wa ndani tu. Multikasti hii haivuki ruta, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kuna kipengele cha `enable-reflector=yes` cha kurusha matangazo kutoka VLAN moja kwenda nyingine, lakini kiwashwe kwenye mashine moja pekee. Zikiwashwa mbili zinazounganisha VLAN zile zile, zitarushiana matangazo mpaka mtandao ujae kelele.

Umeme ukirudi. Hapa Avahi haina mpinzani. Kwa kuwa hakuna kituo, hakuna cha kusubiriana: kila kompyuta ikiwaka inajitangaza. Anwani ikibadilika, tangazo jipya linatoka.

Huduma ikifa. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Faili la huduma hutangazwa hata kama programu haiwaki. Tena, kompyuta iliyozimika ghafla haikupata nafasi ya kuaga: rekodi za anwani hudumu kwa sekunde 120, lakini jina la huduma kwenye orodha huweza kubaki kwenye kache za wengine hadi dakika 75. Ukiona huduma mbili za jina moja baada ya umeme kurudi, kwanza subiri.

Ila ukiona `maktaba-2.local`, hilo ni jambo jingine: kompyuta mbili zina jina moja. Hutokea sana maabara zinapojengwa kwa kunakili diski moja kwenye kompyuta zote. Badilisha kwa `hostnamectl set-hostname` kabla ya kulaumu Avahi. Kosa jingine la mara kwa mara ni kontena. Docker (programu ya kuendesha kontena) ikiwepo, Avahi inaweza kutangaza hata 172.17.0.1, anwani ambayo hakuna kompyuta nyingine inayoweza kuifikia. Andika `allow-interfaces=eth0` (au jina la kadi yako halisi) kwenye `/etc/avahi/avahi-daemon.conf`. Na majina yakionekana kwa waya lakini yasionekane kwa Wi-Fi, kagua kifaa cha Wi-Fi: huenda kutenganisha wateja kumewashwa, au swichi inachuja multikasti. Amri hii itakuonyesha kama matangazo yanafika:

```
sudo tcpdump -ni eth0 udp port 5353
```

Usalama. Hakuna uthibitisho wowote. Aliyeingia kwenye mtandao anaweza kujiita `mishahara.local`. Kwenye Wi-Fi ya wageni isiwashwe.

Inawafaa nani. Maabara za shule, ofisi ya chumba kimoja au viwili, printa na vifaa vidogo. Haili kumbukumbu ya kuhesabika na imo kwenye hazina kuu za Debian, kwa hiyo unaweza kubeba vifurushi kwa flashi. Angalizo: simu nyingi za zamani za Android hazitambui `.local` kwenye kivinjari. Windows 10 na kuendelea haina tatizo.

## dnsmasq: daftari moja, mshika daftari mmoja

dnsmasq ya Simon Kelley ni programu ndogo inayojibu DNS (maswali ya majina) na kugawa anwani kwa DHCP (huduma inayozipa kompyuta anwani) kwa pamoja. Ruta zinazotumia OpenWrt huja nayo tayari, kwa hiyo huenda unaitumia bila kujua. Kitaalamu si zana ya ugunduzi wa huduma kama Consul, lakini kwa kuwa inajua ni nani amepewa anwani ipi, na inaweza kutoa rekodi za SRV zenye poti, ofisi nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Kusakinisha. `apt install dnsmasq`, `apk add dnsmasq`, au kwenye FreeBSD `pkg install dnsmasq` kisha `sysrc dnsmasq_enable=YES` (faili lake liko `/usr/local/etc/dnsmasq.conf`). Kwenye Ubuntu usishtuke ikigoma kuwaka mara ya kwanza: systemd-resolved imeshashika poti 53 kwenye 127.0.0.53, na dnsmasq isiyosanidiwa hutaka poti hiyo kwenye anwani zote. Ikiambiwa kadi yake, ugomvi unaisha:

```
interface=eth0
bind-dynamic
domain-needed
bogus-priv
no-hosts
addn-hosts=/etc/hosts.ofisi
no-resolv
server=1.1.1.1
server=8.8.8.8
domain=ofisi.internal
local=/ofisi.internal/
expand-hosts
dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.199,12h
dhcp-host=aa:bb:cc:dd:ee:ff,mishahara,192.168.10.20
srv-host=_http._tcp.ofisi.internal,mishahara.ofisi.internal,8080
```

Mistari mitatu hapo ina sababu zake. `bind-dynamic` badala ya `bind-interfaces`, kwa sababu ya pili hugoma ikiwa kadi ya mtandao haijawa tayari, jambo la kawaida umeme ukirudi. `no-hosts`, kwa sababu Debian huandika jina la kompyuta yenyewe kama 127.0.1.1 ndani ya `/etc/hosts`. Dnsmasq hulisoma faili hilo na kuwaambia watu wote ofisini kwamba seva iko 127.0.1.1, yaani kwenye kompyuta zao wenyewe. Ndiyo maana majina yako yanaandikwa kwenye faili la pembeni, `/etc/hosts.ofisi`. Na `ofisi.internal`: usitumie `ofisi.local`. Kompyuta yenye libnss-mdns ikiona `.local` mara nyingi huuliza kwa multikasti tu, ikikosa inakoma, haifiki kwenye dnsmasq. `.internal` ilitengwa na ICANN mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani, `home.arpa` nayo inafaa.

Pima kwa `dnsmasq --test`, kisha `systemctl restart dnsmasq`. Ishara ya HUP husoma upya faili za majina lakini haisomi dnsmasq.conf.

Zima DHCP ya ruta kabla ya kuwasha hii. DHCP mbili kwenye mtandao mmoja hufanya nusu ya kompyuta zipate majina na nusu zisipate, na kila asubuhi nusu hiyo hubadilika.

Eneo inalofika. Popote panapofika DNS ya kawaida: VLAN, VPN, tawi. Hata simu ya zamani itaelewa, isipokuwa mwenye simu amejiwekea DNS binafsi kwa jina la seva ya nje, au kivinjari chake kinauliza DNS kupitia HTTPS.

Umeme ukirudi. Inawaka kwa sekunde chache, na kumbukumbu ya anwani ilizogawa imo kwenye faili la diski. Lakini mashine hiyo moja isipowaka, hakuna jina linalotafsirika, wala anwani mpya inayotolewa. Hivyo iwekwe kwenye kifaa kinachotumia umeme kidogo, chenye UPS yake. Ukitaka mbili, nakili faili kwa rsync na ugawe safu ya DHCP: ya kwanza 100 hadi 149, ya pili 150 hadi 199.

Huduma ikifa. Haijui. Programu ya mishahara ikianguka, jina litaendelea kuelekeza pale pale.

Usalama. Isisikilize kamwe upande wa intaneti. Toleo liwe 2.83 au jipya zaidi, kwa sababu ya matundu ya DNSpooq yaliyotangazwa Januari 2021.

Inawafaa nani. Ofisi yenye kompyuta kumi hadi mia kadhaa, huduma zisizohamahama, na mtunzaji anayeweza kusoma faili moja la maandishi. Kwa urahisi wa kurithishana kazi, dnsmasq inazishinda nyingine mbili: kila kitu kimo ndani ya ukurasa mmoja.

## Consul: daftari la pamoja lenye walinzi

Consul ilitolewa na HashiCorp mwaka 2014. Seva kadhaa hushika daftari moja kwa makubaliano ya Raft (kanuni ya seva kuchagua kiongozi na kukubaliana yaliyomo), na kila kompyuta huendesha wakala anayekagua huduma zake na kuripoti.

Kusakinisha. Kwenye Debian au Ubuntu:

```
wget -O- https://apt.releases.hashicorp.com/gpg | \
  sudo gpg --dearmor -o /usr/share/keyrings/hashicorp-archive-keyring.gpg
echo "deb [signed-by=/usr/share/keyrings/hashicorp-archive-keyring.gpg] https://apt.releases.hashicorp.com $(lsb_release -cs) main" | \
  sudo tee /etc/apt/sources.list.d/hashicorp.list
sudo apt update && sudo apt install consul
```

FreeBSD ni `pkg install consul`. Pasipo na intaneti ya uhakika, ipakue mjini kama faili moja la zip, lihakiki kwa `sha256sum -c --ignore-missing` dhidi ya orodha ya SHA256SUMS, kisha lisafirishe kwa flashi. Ni faili zito kuliko vifurushi vya Avahi na dnsmasq kwa mbali, lakini halidai kitu kingine chochote.

Usanidi wa seva, `/etc/consul.d/consul.hcl`:

```
datacenter       = "mbeya"
data_dir         = "/opt/consul"
server           = true
bootstrap_expect = 3
bind_addr        = "192.168.10.11"
client_addr      = "127.0.0.1"
retry_join       = ["192.168.10.11", "192.168.10.12", "192.168.10.13"]
encrypt          = "WEKA-UFUNGUO-HAPA"
```

Ufunguo unatoka kwa `consul keygen`, na ni ule ule kwenye mashine zote. `bind_addr` usiiache: kompyuta yenye kadi mbili, au yenye Docker, itakataa kuwaka ikilalamika kwamba imekuta anwani za ndani zaidi ya moja. Fungua poti 8300 TCP kwenye seva kwa mashine zote, na 8301 TCP na UDP kati ya mashine zote. Wengi hufungua TCP pekee. Mashine huonekana zimeungana, kisha huanza kutangazana kuwa zimekufa na kufufuka kila dakika chache. Ukiona hali hiyo kwenye `consul members`, anza na UDP.

Huduma yenyewe:

```
service {
  name = "mishahara"
  port = 8080
  check {
    http     = "http://127.0.0.1:8080/afya"
    interval = "10s"
    timeout  = "2s"
  }
}
```

Endesha `consul validate /etc/consul.d`, kisha `consul reload`, na uulize:

```
dig @127.0.0.1 -p 8600 mishahara.service.consul SRV
```

Eneo inalofika. Mbali, ila kwa masharti. Ndani ya klasta moja (kundi la seva zinazoshirikiana), HashiCorp wanataka wastani wa safari ya kwenda na kurudi usizidi milisekunde 50. Faiba kati ya Mbeya na Iringa inaweza kutimiza hilo. Shamba la chai linalotegemea setilaiti iliyoko takriban kilomita 36,000 juu haliwezi, kwani ishara peke yake huchukua karibu nusu sekunde. Tawi la namna hiyo lipewe klasta yake, iunganishwe na makao makuu kwa poti 8302 na 8300, na hapo utahitaji seva nyingine tatu kule. Gharama hiyo ndiyo watu husahau kuipigia hesabu.

Umeme ukirudi. Hapa panahitaji maandalizi kuliko popote. Seva tatu zinahitaji mbili hai ili kukubaliana. Tano zinahitaji tatu. Seva mbili ni hasara tupu: zinahitaji zote mbili, kwa hiyo hazivumilii hata kifo kimoja, na sasa una mashine mbili zinazoweza kufa badala ya moja. Ukiziweka zote tatu kwenye soketi moja nyuma ya UPS moja, idadi haikusaidii chochote.

`retry_join` hujaribu tena na tena hadi wenzake wawake, kwa hiyo kuchelewa kwa swichi si tatizo. Tatizo ni anwani. Seva za Consul ziwe na anwani za kudumu. Zote zikiamka na anwani mpya kutoka DHCP zinaweza kushindwa kuchagua kiongozi, na utalazimika kuzirejesha kwa mkono kupitia faili la `peers.json`. Pili ni saa. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa yake. Zikiwaka bila intaneti zinaweza kudhani ni siku zilizopita, na vyeti vya TLS (usimbaji wa mawasiliano) vikakataliwa kwamba havijaanza kutumika. Weka chrony na chanzo cha saa ndani ya mtandao. Tatu, daftari liwe kwenye SSD. Kadi ya SD inayoandikwa mfululizo na kukatiwa umeme mara kwa mara haitadumu.

Huduma ikifa. Hii ndiyo sababu ya kuichagua. Ukaguzi ukishindwa, nakala hiyo ya huduma huondolewa kwenye majibu ya DNS bila mtu kugusa kitu, na ikipona hurudi. Ukiwa na nakala tatu za programu moja, watumiaji hawatajua kwamba moja ilianguka.

Mashine. Kwa matumizi rasmi, mwongozo wa HashiCorp kwa klasta ndogo unaanzia kori 2 hadi 4 na RAM ya GB 8 hadi 16 kwa kila seva. Mtandao wa huduma kumi utaendeshwa na kidogo kuliko hapo, lakini usitarajie kompyuta ya GB 1 yenye kazi nyingine tatu.

Usalama. Inaweza kuwa imara kuliko zote tatu, au dhaifu kuliko zote. Ikiwa na ACL (orodha ya ruhusa), TLS na ufunguo wa `encrypt`, asiyeruhusiwa hawezi kujiandikisha. Lakini ukifungua poti 8500 kwa kila mtu na kuwasha `enable_script_checks`, umempa mgeni uwezo wa kuendesha amri kwenye seva zako. Ukihitaji ukaguzi wa hati, tumia `enable_local_script_checks`.

Inawafaa nani. Kampuni au chuo chenye huduma nyingi zenye nakala, zinazohamahama kati ya seva, na chenye angalau watu wawili wanaoelewa Raft ni nini. Wanaouza huduma za seva wasome leseni kwanza: tangu Agosti 2023 matoleo mapya yako chini ya BUSL 1.1, inayozuia kuitumia kuuza bidhaa inayoshindana na za HashiCorp. Matumizi ya ndani ya ofisi hayaguswi.

(etcd huulizwa sana pia. Ni hifadhi imara ya taarifa, ndiyo inayoibeba Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena), lakini yenyewe haijibu DNS wala haikagui huduma. Kama huna Kubernetes, utajikuta unajenga upya kile ambacho Consul inacho.)

## Si lazima iwe moja

Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni dnsmasq mbele na Consul nyuma. Kompyuta zote zinauliza dnsmasq kama kawaida, na mstari mmoja unapeleka maswali ya `.consul` panapohusika:

```
server=/consul/127.0.0.1#8600
```

Avahi nayo inaweza kukaa pamoja na dnsmasq bila ugomvi, mradi `.local` iachiwe Avahi. Kwenye mashine yenye Avahi, weka `MulticastDNS=no` kwenye `/etc/systemd/resolved.conf` ili wawili wasigombanie poti 5353.

## Uchague kwa hali yako

Ukiwa na maabara ya shule Iringa au Njombe, swichi moja, ruta ambayo huruhusiwi kuigusa, na mwalimu wa TEHAMA ambaye ana vipindi vingine: Avahi. Wanafunzi wakitumia simu za zamani kufungua maktaba, ongeza dnsmasq, lakini hapo utahitaji ruhusa ya kuzima DHCP ya ruta.

Ukiwa na SACCOS au ofisi yenye makao makuu Mbeya na matawi Tukuyu na Tunduma, huduma nne au tano zinazokaa mahali pamoja: dnsmasq mbili makao makuu, na moja ndogo kila tawi yenye nakala ya majina. VPN ikikatika, tawi bado litaziona huduma zake lenyewe. Consul hapa ingekuletea kazi ya kutunza klasta bila kukupa kitu unachokihitaji.

Ukiwa na timu ya programu yenye huduma kumi na kuendelea, nakala mbili mbili, matoleo mapya kila wiki, na chumba cha seva chenye jenereta: Consul, seva tatu, kila moja kwenye chanzo chake cha umeme kadiri inavyowezekana. Ukiwa bado unajifunza, `consul agent -dev` kwenye kompyuta yako ya mkononi inatosha kuonja. Haihifadhi chochote ikizimwa, kwa hiyo isiingie kwenye kazi halisi.

Ukiwa kiwandani Mufindi, kuna mizani na vipima joto vinavyojitangaza vyenyewe pamoja na mfumo wa hesabu wa ofisini: Avahi upande wa vifaa, dnsmasq upande wa ofisi, VLAN mbili tofauti, na kirushia matangazo kimoja tu kati yake, tena ikiwa ofisi inahitaji kweli kuviona vifaa hivyo.

Yoyote utakayoweka, ifanyie jaribio hili kabla ya kuikabidhi. Siku isiyo na kazi, zima seva zote kwa utaratibu, kisha shusha swichi kuu ya chumba. Subiri dakika 5, pandisha, na usiguse kibodi kwa dakika 10. Halafu nenda kwenye kompyuta ya mtumiaji wa kawaida na uendeshe `getent hosts` kwa kila jina lililo kwenye orodha yako. Kwa Avahi angalia kama kuna jina lililopata `-2`. Kwa dnsmasq angalia kama kuna kompyuta iliyopata anwani nje ya safu yako. Kwa Consul endesha `consul operator raft list-peers` uone kama kiongozi amepatikana. Rudia mara ya pili ukiiwasha swichi ya mtandao dakika 3 baada ya seva, maana mpangilio huo ndio huleta hitilafu ambazo jaribio la kwanza halikuzionyesha.